Kiwanja cha Sake na kitabu cha mwanafunzi

Goma – Mwezi wa pili wa 2024, vita ilipofika kwenye milima ya Sake, mama mmoja mjane alishuka na watoto wake hadi Goma. Walibeba godoro moja, sufuria mbili na kuku mmoja. Makaratasi ya kiwanja aliyaacha ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda. Alifikiri ni mambo ya siku 3, kama mara zingine. Alikaa Bulengo karibu mwaka mzima, ndani ya kibanda cha shitingi juu ya mawe ya volkano.

Mwisho wa Januari 2025 vita iliingia Goma yenyewe. Mwezi uliofuata kambi zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao. Mama akapanda njia ya Sake na godoro lilelile kichwani. Nyumba aliikuta imesimama, lakini mabati yameng'olewa. Sanduku halikuwepo. Na katikati ya migomba yake kulikuwa na miti mipya ya mpaka, na nyuma ya miti hiyo familia nyingine ikipika maharagwe.

Baba wa familia ile hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkimbizi kama yeye, aliyetoka juu huko Masisi. Alitoa karatasi ya kununua, yenye muhuri na sahihi za mashahidi wawili. Alikuwa amelipa kamisioneri kwa dola, pesa ya ng'ombe wake wa mwisho. Mama hakuwa na karatasi hata moja. Alikuwa na mdomo wake tu.

Hapa ndipo anaingia binti wa dada yake, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha Goma.

Huyu binti alikuwa na shida yake tangu 2023. Alichagua kuandika memwari juu ya swali linaloonekana dogo: katika miji inayokua haraka kama Goma na Sake, serikali inajua kuna viwanja vingapi, ni vya ukubwa gani, na vinatozwa kodi gani? Mwalimu wake alimwambia, "Usiniletee maneno matupu. Niletee tarakimu." Basi akachukua barua ya chuo, ikapigwa muhuri, akaipeleka katika ofisi moja ya serikali. Wakamwambia barua haina namba. Akarudi na namba. Wakamwambia mkubwa yuko safarini. Mara ya tatu mtumishi mmoja alimuuliza kwa sauti ya chini kama chuo hakikumpa "kitu kidogo cha kafoto-kopi". Mwishoni alipewa ukurasa mmoja wenye jumla tu, bila kata, bila avenyu, bila vipimo.

Wengi wanaosikia habari hii hufikiri kwamba data hizo hazipo. Zipo, na sheria ndiyo inayozidai. Sheria ya ardhi ya Congo ni ya tarehe 20 Julai 1973, ikarekebishwa 1980. Inasema kwamba udongo ni mali ya Serikali, na kwamba mtu hupewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inathibitishwa na hati ya usajili. Hati hutengenezwa nakala mbili: moja hubaki ndani ya kitabu cha ofisi ya ardhi, nyingine hupewa mwenye kiwanja. Maana yake, hata sanduku la bati likiibiwa, kitabu cha ofisi kinatakiwa kukumbuka.

Kuna kumbukumbu nyingine upande wa kodi. Kodi ya nyumba na viwanja inatokana na amri yenye nguvu ya sheria ya Februari 1969, na siku hizi ni kodi ya jimbo. Haihesabiwi kwa bei ya nyumba sokoni, kama inavyofanyika katika nchi nyingi. Msingi wake ni ukubwa wa kiwanja na jengo, na daraja la mahali lilipo. Kwa hiyo orodha ya kodi ingeweza kumwambia mtafiti ukubwa wa kila kiwanja, kama kimejengwa au kitupu, na nani anakitumia. Stakabadhi ya kodi haimfanyi mtu kuwa mwenye kiwanja, lakini inaonyesha kwamba mwaka fulani alikuwa pale na Serikali ilimtambua.

Tatizo la Sake, kama la vijiji vingi vya Kivu, ni kwamba viwanja vingi havikufika kamwe kwenye kitabu hicho. Watu walipata ardhi kwa machifu wa mila. Sheria ya 1973, katika kifungu cha 389, ilisema kwamba haki za watu wa namna hiyo zitapangwa baadaye na amri ya Rais wa Jamhuri. Miaka ikapita kwa makumi, na amri haikutoka. Watu wakaendelea kuishi kwa karatasi ya chifu, fishi ya kiwanja na ushahidi wa majirani. Vita ikija, chifu anakimbia, fishi inaungua, na majirani wanatawanyika kati ya Goma, Minova na Uganda.

Ng'ambo ya mpaka, mtu anayetoka Birere kwa miguu anafika Gisenyi kwa dakika chache. Huko Rwanda, kuanzia 2009, serikali ilipima na kuandika viwanja vya nchi nzima, zaidi ya milioni 10, kila kimoja na namba yake. Kenya ilifungua mfumo wa Ardhisasa mwaka 2021, ukianzia Nairobi. Marekani, katika sehemu nyingi, makadirio ya thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi ni jambo la wazi, na wanafunzi hufanyia hesabu. Na sehemu kubwa ya nyaraka za wakoloni, za enzi ambapo Kamati ya Taifa ya Kivu iligawiwa ardhi kubwa kuanzia 1928, iko Ubelgiji. Mtafiti wa Brussels anaweza kufungua faili juu ya ardhi ya Masisi kabla mtoto wa Masisi hajaiona.

Binti aliposhindwa na ofisi, alienda maktaba ya chuo. Mlinzi wa maktaba ni mzee mpole ambaye wanafunzi wote wanamwita Papa. Alimsikiliza, kisha akamwambia, "Wewe unatafuta kwa Serikali. Umetafuta kwa wakubwa zako?" Akampeleka nyuma kabisa, kwenye rafu za memwari za zamani. Ziko nyingi, zimefunikwa na vumbi jeusi la volkano, na hakuna anayezisoma isipokuwa mwanafunzi anayetaka kunakili ukurasa wa shukrani.

Lakini kila memwari ina nyongeza nyuma. Humo wanafunzi wa zamani walibandika vitu walivyovipata wakati ofisi zilikuwa wazi zaidi, au walipomkuta mtumishi mwenye moyo: ramani za kata zilizochorwa kwa mkono, orodha za avenyu, majedwali ya kodi, vipimo vya viwanja walivyopima wenyewe kwa kamba pamoja na nyumbakumi. Vitu vingine vya namna hii havipatikani tena mahali pengine. Goma imefunikwa na lava Januari 2002, ikatikiswa tena na volkano Mei 2021, ikapita vita zaidi ya mara moja. Kila mara makaratasi fulani yanapotea. Nakala mbovu ndani ya memwari ya mwanafunzi imebaki.

Kwa siku kadhaa binti alifungua nyongeza moja baada ya nyingine. Siku moja akakuta kazi iliyofanywa Sake miaka mingi nyuma. Mwandishi wake alipita nyumba kwa nyumba na mkuu wa sehemu ile. Mwishoni kulikuwa na orodha: namba, jina, upana, urefu, kilichojengwa. Alipofika mstari wa katikati mkono ukasimama. Jina lilikuwa la marehemu mume wa mama mdogo wake. Mita 15 kwa 25, nyumba ya mbao, migomba.

Alipiga simu Sake siku ileile. "Mama mdogo, nimewaona ndani ya kitabu."

"Umeona nani?"

"Nyinyi. Kiwanja chenu. Na vipimo."

Simu ilinyamaza, binti akafikiri network imekatika. Kisha akasikia, "Basi nilete hicho kitabu, mwanangu."

Papa hakumpa kitabu. Alimpa nakala ya ukurasa huo mmoja, akapiga muhuri wa maktaba, akaandika tarehe na jina la memwari. Karatasi ikapanda Sake mfukoni mwa mtu wa moto.

Mbele ya wazee, baba yule mwingine aliiangalia kwa muda. Kisha akasema, "Kitabu cha shule si hati." Na alisema kweli. Hakuna sheria inayofanya memwari kuwa hati ya ardhi. Lakini karatasi yake mwenyewe pia haikuwa hati ya usajili, ilikuwa karatasi ya mauzo kutoka kwa mtu ambaye sasa simu yake haipatikani. Mzee mmoja akauliza kama orodha ina majirani. Ilikuwa nao. Wakatembea na kamba, kiwanja baada ya kiwanja, wakilinganisha na ukurasa. Mstari wa migomba ya zamani uliangukia palepale orodha iliposema. Baba yule alisimama muda mrefu, mikono kiunoni. Mwishoni akasema, "Kama ningeona karatasi hii kabla ya kulipa, ng'ombe wangu angekuwa hai."

Wale wanaosema kwamba kufungua data za viwanja ni kusaidia wenye viwanja peke yao wanasahau mnunuzi. Mkimbizi aliyedanganywa na kamisioneri amepoteza kama mjane aliyeporwa. Wote wawili waliumizwa na kitabu kilichofungwa.

Na kuna jambo la muda. Sheria inasema kwamba hati ya usajili ikishatolewa, miaka 2 ikipita haishambuliwi tena. Aliyenyang'anywa anabaki kudai fidia tu, hapati tena kiwanja. Familia iliyokaa kambini miaka mitatu inaweza kurudi na kukuta mlango umeshafungwa kisheria, na haikujua hata kama ulifunguliwa. Ndiyo maana kujua mapema nini kimeandikwa juu ya kiwanja chako si udadisi wa wasomi.

Binti alitoka Sake akiwa na moto. Alitaka Papa apige picha orodha zote za memwari zote na kuziweka kwenye intaneti, kila mtu ajionee. Papa akamwambia habari ambayo hakuwa amemwambia. Wiki mbili kabla, mwanaume mmoja mwenye viatu vizuri alikuja maktaba. Hakuwa mwanafunzi. Aliuliza kama kuna vitabu vyenye majina ya wenye viwanja vya Sake na Mugunga, na yuko tayari kulipa nakala zote. Hakuuliza mji unavyokua. Aliuliza majina. Papa alimjibu kwamba mashine imeharibika.

"Orodha ya wenye nyumba," Papa alisema, "wakati wa vita ni orodha ya nyumba zisizo na mtu. Na majina ya hapa kwetu yanasema mengi, wewe unajua."

Binti alinyamaza. Alijua. Katika Kivu jina linaweza kumwonyesha mtu kabila lake, na kabila limeshamfukuza mtu shambani zaidi ya mara moja.

Sasa maktaba ile ina utaratibu, umeandikwa kwa kalamu na kubandikwa kwenye rafu. Vipimo, namba na ramani, msomaji yeyote mwenye kadi anaona. Majina yanafunikwa kwa karatasi. Mtu anayetafuta jina lake au la mzazi wake anakuja na kitambulisho, au na nyumbakumi wake, anaonyeshwa mstari wake peke yake. Kila anayefungua anaandika jina lake ndani ya daftari. Utaratibu huu una kasoro. Mwenye kitambulisho kilichoibiwa barabarani atafanyaje? Na Papa akistaafu, ufunguo atapewa nani? Lakini ni mtu mmoja na daftari moja, na wamefanya kitu ambacho ofisi zenye bendera hazijafanya.

Kwa familia ambazo bado ziko mbali na viwanja vyao, wazee wa upatanishi wa Sake wanarudia mambo machache. Karatasi yoyote iliyopo, hata stakabadhi ya kodi, ipigwe picha na kutumwa kwa ndugu wawili wanaokaa miji tofauti. Majina ya majirani wa pande zote nne yaandikwe. Na ukisikia mtu anapima kiwanja chako, peleka pingamizi kwa maandishi, ubaki na nakala. Usingoje amani.

Kesi ya mama bado haijaisha. Wazee wamesimamisha ujenzi, na familia zote mbili zinalima kila moja upande wake huku kamisioneri anatafutwa. Binti amerudi Sake kupima upya viwanja vya avenyu ile kwa ajili ya memwari yake. Alipofika kwa mama mdogo wake, alinakili mstari wa zamani: namba ileile, mita 15 kwa 25, jina la marehemu.

Mama akamshika mkono wenye kalamu. "Na mimi je? Nani alipanda hii migomba?"

Binti akafuta, akaandika majina mawili.