Kutoka Vilima vya Kilungu Mpaka Kisiwani

Asubuhi za Julai mjini Nunguni hazimruhusu mtu kutoka bila koti. Ukungu hulala juu ya vilima vya Kilungu mpaka jua lipande sana, na wauzaji wa sokoni hujikunyata kando ya kabichi zao. Katika baridi hiyo ndipo watu huanza kuzungumza habari za bahari, na kusema kwamba mwaka huu hapana budi waende kisiwani wakapumzike. Maneno hayo husikika kila mwaka. Wachache ndio wasafirio, na baadhi yao hurudi na majuto, kwa kuwa safari ilipangwa na bwana peke yake, kwa siku tatu, bila kutazama kalenda ya shamba wala ya bahari.

Safari yenyewe si jambo geni. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilichukua pembe za ndovu mpaka pwani kwa miguu, ikarudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Tena kisiwa nacho kimepata kuja karibu na Nunguni. Mji wa Sultan Hamud, ulio chini ya vilima hivi, umeitwa kwa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Unguja, ambaye mwaka 1898 alikuja kutazama reli ilipofikia, reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Basi mtu wa Nunguni apangaye kwenda Unguja huwa anarudisha matembezi tu.

Lakini ni kisiwa kipi? Wengi wakisikia neno hilo huwaza mahali pa mbali, wakasahau kwamba Mombasa yenyewe ni kisiwa. Abiria wa basi huvuka Makupa amesinzia, asijue kwamba bara ameiacha nyuma. Kwa mwenye fedha kidogo na watoto wengi, Mombasa yatosha kabisa. Ipo Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno tangu 1593 hata 1596. Upo Mji wa Kale. Kipo kivuko cha Likoni, ambapo waendao kwa miguu hawatozwi nauli, na watoto waweza kupanda chombo cha baharini kwa mara ya kwanza bila baba kutoa hata senti moja. Lamu ni mbali zaidi. Hapo mtu husafiri kwa gari mpaka Mokowe, kisha huvuka kwa mashua mpaka mji ambao punda wamechukua kazi ya malori. Na Unguja ni nchi nyingine kwa mambo ya mpakani: zatakiwa hati za safari, shilingi za Tanzania, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10, kwa hiyo aikumbukaye siku ya kuondoka amekwisha kuchelewa.

Neno lililo zito kuliko yote ni wakati. Watu hupenda Desemba, kwa sababu shule zimefungwa na ndugu wa Nairobi wamerudi nyumbani. Walakini katika Ukambani mvua ya kutumainiwa ni ile ianzayo mwisho wa Oktoba au Novemba, na Desemba mahindi na maharagwe yanataka palizi. Bwana akiondoka wakati huo, jembe hubaki mkononi mwa bibi, au shamba huachiwa magugu. Nyumba za wageni pwani nazo hupandisha bei. Kisha Januari hufika na karo ya muhula wa kwanza, na fedha zilizokusudiwa kwa karo zimekwisha kuliwa kwa samaki na madafu. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo hafarijiki kwa kukumbuka mawimbi.

Aprili pia shule hufungwa, lakini Aprili na Mei ndiyo masika ya pwani, na mvua yaweza kunyesha siku nzima. Imebaki Agosti. Mavuno ya mvua ya Machi yamekwisha kuingia ghalani au yamekaribia kwisha, kiangazi kimetanda, na kule pwani upepo wa kusi hupunguza joto. Ni kweli kwamba kusi huichafua bahari, na asiyezoea mashua ataona kizunguzungu njiani. Lakini afadhali kizunguzungu cha saa moja kuliko deni la mwaka.

Yafaa basi bwana na bibi waketi pamoja mapema, hata mwezi wa Februari, waandike katika daftari: nauli ya kwenda na ya kurudi, malazi, chakula, na akiba ya ugonjwa. Karo iwekwe kando kwanza. Jambo la nani atakayekamua ng'ombe lisiachwe mpaka usiku wa mwisho, maana jirani aombwaye ghafula hukubali kwa midomo tu.

Tangu 2017 gari la moshi la reli mpya husimama Emali. Ni lile litokalo Nairobi asubuhi. Yale ya haraka hayasimami hapo. Tikiti hununuliwa kwa simu, na nyakati za likizo huisha siku nyingi mbele. Gari hufika Miritini, ambapo ni bara bado, kwa hiyo itengwe nauli ya kufika kisiwani.

Mwenyeji wa vilimani ajihadhari na mambo mawili. Huku juu mbu ni wachache, na mwili haukuzoea malaria. Pwani hapana kulala bila chandarua, na homa ikitokea baada ya kurudi, mganga wa zahanati aambiwe kwamba mgonjwa alikuwa pwani. La pili ni maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji huenda mbali sana kisha hurudi kwa nguvu. Watoto waliokwenda kuokota kombe mwambani waweza kukuta njia ya kurudi imekwisha kufunikwa. Wavuvi wazijua saa zake. Waulizwe kwa heshima, wazee kwa shikamoo, nao watajibu.

Kama katika nyumba yumo mama mzee ambaye hajaiona bahari, apewe kiti cha dirishani tangu Emali. Baada ya Mtito Andei reli hupita katika Tsavo, na mara nyingi ndovu huonekana kutoka ndani ya gari, wekundu kwa udongo wa huko.