KARAMA SI CHEO, WALA CHEO SI KARAMA

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii iliwalenga wachuuzi wa sokoni, lakini siku hizi inawafaa pia watu wanaojitangaza kwamba wamejaliwa karama za Roho: huyu nabii, yule mtume, na mwingine mponyaji. Katika jiji la Kigali, swali la nani anayestahili kuliongoza kundi la waumini limetoka katika baraza la wazee wa kanisa, likaingia ofisini mwa serikali na sebuleni mwa familia.

Mwanzoni mwa mwaka 2018, nyumba za ibada zaidi ya 700 zilifungwa mjini Kigali. Sababu zilizotolewa ni usalama mdogo wa majengo, uchafu, na makelele ya vipaza sauti yaliyowanyima majirani usingizi. Mwezi Agosti mwaka huo huo ikatungwa sheria mpya ya mashirika ya dini. Iliwataka wasimamizi wa makanisa wawe na shahada ya elimu ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha elimu hiyo, nayo ikawapa muda wa miaka mitano kuitimiza. Muda huo ulipokwisha kulifanyika ukaguzi mwingine mwaka 2024, na maelfu ya nyumba za ibada zikafungwa nchini kote.

Wako waliopiga makofi, na wako waliouliza: je, Petro mvuvi wa samaki angeipata wapi shahada hiyo? Swali hili lisibezwe. Lakini anayeliuliza hana budi pia kujibu la pili: iwapo cheti hakitoshi kumtambulisha kiongozi wa kweli, ni kitu gani kitakachomtambulisha?

MAANA YA KARAMA

Karama ni zawadi. Hainunuliwi, hairithiwi, wala haifanyiwi mtihani. Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Korinto juu ya jambo hili kwa sababu karama zilikuwa zimewagawa. Mwenye kunena kwa lugha alimdharau asiyenena, na kila mmoja alitaka kusikika kuliko mwenzake.

Katika orodha ya karama aliyoitoa mna jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Uongozi wenyewe umehesabiwa humo kuwa ni karama, wala haukuwekwa kileleni. Umekuja karibu na mwisho, baada ya karama ya kuwasaidia wengine. Aidha, Mtume aliagiza kwamba nabii anenapo, wengine wayapime maneno yake. Kwa hiyo nabii hakuachiwa awe hakimu wa unabii wake mwenyewe. Nao waraka wa kwanza kwa Timotheo unasema wazi kwamba asiyeweza kuisimamia nyumba yake hawezi kulitunza kanisa, na kwamba aliyeongoka juzi asipewe usimamizi, asije akajivuna.

Ni dhahiri, basi, kwamba karama na utaratibu havikuwa maadui tangu mwanzo. Askari wanalielewa jambo hili vizuri. Cheo hutolewa na serikali na huvaliwa begani, lakini ushujaa hautolewi na ofisi yoyote. Hata hivyo, mwenye ushujaa asiye na nidhamu ni hatari kwa kikosi chake mwenyewe.

MFANO WA GAHINI

Rwanda haina haja ya kuazima mfano kutoka mbali. Huko Gahini, kando ya Ziwa Muhazi, mashariki ya Kigali, palikuwa na hospitali ya misioni ya Kianglikana. Mwaka 1929, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali hiyo, alikutana mjini Kampala na Mganda mmoja mlei, Simeoni Nsibambi. Wawili hao walisoma Biblia na kusali pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, na wafuasi wake wakaitwa Waliookoka.

Walioubeba uamsho huo hawakuwa watu wa vyeo vikubwa. Yosiya Kinuka alikuwa mfanyakazi wa hospitali. Blasio Kigozi, nduguye Nsibambi, alikuwa mwalimu, naye alifariki Januari 1936, kabla hajayaona matunda yote ya kazi yake. Alama ya kundi hilo haikuwa miujiza iliyotangazwa kwa ngoma. Mtu alisimama mbele ya wenzake, akayaungama makosa yake, kisha akaenda kurudisha alichokiiba na kupatana na aliyemkosea. Mzungu na Mwafrika, mchungaji na mpishi, walitakiwa kuungama kwa namna moja. Kwa lugha nyepesi, karama ya Gahini ilimgharimu kwanza yule aliyekuwa nayo.

MIZANI YA MWAKA 1994

Kipimo hicho kilikuja kuonekana kwa uchungu mkubwa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyoanza Aprili 1994. Katika parokia ya Nyange, magharibi mwa nchi, Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani. Kanisa hilo lilibomolewa kwa tingatinga nao wakiwa ndani. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, na katika rufani ya mwaka 2008 akapewa kifungo cha maisha.

Mjini Kigali, katika siku zizo hizo, padri mwingine, Célestin Hakizimana, alikuwa akikisimamia Kituo cha Mtakatifu Paulo. Alikabiliana na wanamgambo siku baada ya siku, na watu wapatao 2,000 wakaokoka. Baadaye, mwaka 2014, aliteuliwa kuwa Askofu wa Gikongoro.

Mapadri hao wawili walikuwa na daraja moja na kanzu moja. Kama cheti kingetosha, matunda yao yangefanana.

Tena yuko Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, mwanamke mlei ambaye hakuwa na mimbari wala cheo cha upadri. Aliwaficha Watutsi katika nyumba aliyoitunza. Kaka yake, aliyekuwa afisa wa jeshi, alimpelekea ujumbe aondoke ili asalimike. Alikataa kuwaacha watu wake, akauawa pamoja nao Aprili 21, 1994. Leo amehesabiwa miongoni mwa mashujaa wa taifa, katika daraja la Imena.

KATIKA MAISHA YA NYUMBANI

Mambo haya si historia tu. Askari anapotumwa nje ya nchi kulinda amani, mkewe hubaki na watoto, mshahara na hofu. Hapo ndipo hutokea mtu akadai kwamba ameona maono mabaya juu ya mume huyo, na kwamba sadaka maalumu yaweza kuyaondoa. Mama huyo hakosi akili. Anampenda mumewe, na mapenzi yake ndiyo mlango unaoingiliwa.

Yafaa basi kila familia iwe na maswali machache tayari. Je, mtu huyu anakubali maneno yake yapimwe na wengine, au hukasirika aulizwapo? Je, anahimiza jambo lifichwe, mke asimwambie mume, mtoto asimwambie mzazi? Je, nyumbani kwake mwenyewe anaishi vipi na mkewe, watoto wake na majirani? Na lililo kubwa kuliko yote: ni nani anayelipa gharama ya karama hiyo, mwenye karama au kundi?

Swali hilo la mwisho ndilo linalowatenganisha. Waliookoka wa Gahini walirudisha mali. Nabii wa uongo hukusanya. Niyitegeka alitoa uhai wake kwa ajili ya waliomkimbilia. Nyange waliomkimbilia padri waliangamia.

Serikali ina haki ya kukagua kuta, vyoo na vyeti, kwani paa bovu huua mwenye imani na asiye na imani. Elimu nayo humsaidia mchungaji asipotoshe maandiko. Lakini hakuna mkaguzi anayeweza kuingia moyoni mwa mtu. Kazi hiyo imebaki kwa waumini wenyewe, na shule yake ya kwanza ni nyumbani, ambako mtoto hufundishwa kumheshimu anayehudumu kuliko anayejitangaza. Mti hujulikana kwa matunda yake, nayo matunda huhitaji muda kuiva. Asiyekuwa na subira ya kungoja asilaumu atakapouziwa mabichi.