Kushuka Bonde la Gwembe

Treni ya TAZARA ilinishusha Kapiri Mposhi. Nikapanda basi hadi Lusaka, na kesho yake nikaelekea Chirundu. Baada ya Kafue barabara huteremka milimani kwa kona kali, na joto likazidi kadiri tulivyoshuka. Hatimaye ikaonekana mibuyu na ardhi iliyochimbwa makorongo: Lusitu, kusini mwa Zambia.

Jina hilo nililijua chuoni, katika maandishi ya Elizabeth Colson na Thayer Scudder. Wanaanthropolojia hao walianza utafiti wao kwa Watonga wa Gwembe mwaka 1956, ujenzi wa Bwawa la Kariba ukiwa umeshaamuliwa. Watu wapatao 57,000 wa pande zote mbili za Zambezi walihamishwa. Mwaka 1958 watu wa Chifu Chipepo walikataa kuondoka. Polisi wakafyatua risasi, wanane wakafa. Maelfu wakaletwa Lusitu kwa malori.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwa bibi mmoja aliyehamishwa akiwa mtoto. Nilimwamkia, akanikaribisha kivulini, nikamuuliza waliishije kule mtoni.

"Mjukuu wangu, kule tulilima mara mbili," alisema kupitia kwa mkalimani. Mafuriko yakipungua, walipanda kwenye udongo wenye rutuba ulioachwa kingoni, hivyo hata mwaka wa mvua haba walipata chakula. Akaeleza jinsi mashamba yale yalivyorithiwa upande wa mama, na palipokuwa mahali pa kuombea mvua. Huku Lusitu walikuta ardhi yenye wenyewe.

Nilimsikiliza nikielewa kwa nini taaluma ya anthropolojia inahitajika. Mhandisi hupima kina cha maji, na karani huhesabu vichwa na nyumba. Lazima awepo pia wa kuuliza nani analima wapi, msimu gani, kwa haki ya nani. Haja hiyo ilikuja kutambuliwa: mwaka 1980 Benki ya Dunia ilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu uhamishaji wa watu, kwa mchango mkubwa wa mwanasosholojia Michael Cernea.

Sisi Watanzania nasi tulihamishwa katika Operesheni Vijiji miaka ya 1970, na hadi leo miradi inahamisha watu. Mtafiti atangulie ramani, na majibu ya wanakijiji yawe na nguvu ya kuibadilisha. Akiitwa uamuzi ukishapita, kama ilivyokuwa Kariba, atabaki kuandika hasara ambayo ingeweza kuzuiwa.