Si Kila Moto wa Kifuani ni Karuho

Kuna ugonjwa ambao haumpeleki mtu hospitali upesi, wala haumzuii kwenda shambani ao kushuka ndani ya shimo la mgodi. Mchana anacheka na wenzake. Usiku, akiisha kulala saa moja ao mbili, anaamka kwa ghafla: kifua kinawaka, maji makali yamepanda mpaka kooni, anakohoa, anatema, anaketi kitandani akijishika kifua. Kwa Kiswahili cha vitabu jina lake ni kiungulia. Huku kwetu Kalehe watu wanasema tu, “Moyo inanichoma,” hata kama moyo hauna kosa lolote katika jambo hili.

Mimi nimeishi na kiungulia cha usiku kwa miaka mingi, na siko peke yangu. Toka Ihusi mpaka Minova, toka kwa wavuvi wa sambaza mpaka kwa wachimbaji wa Nyabibwe na Numbi, uliza nani anaamka usiku na moto kifuani, utaona mikono inainuliwa.

Muganga wa kituo chetu cha afya alinieleza kwa mfano wa bido ya mafuta ya mawese. Bido yenye kifuniko kilicholegea ikisimama haimwagi kitu. Ilaze chini, ndipo utaona. Tumbo nalo lina kifuniko chake pale juu, mahali njia ya chakula inapoingia: ni kama mkanda wa nyama unaofunguka tukimeza, kisha unajifunga. Ndani ya tumbo mna asidi kali, ambayo Mungu aliiweka ili ivunje nyama na maharage na kuua vijidudu vinavyoingia na chakula. Tumbo lenyewe limepakwa ute wa kulilinda. Njia ya chakula haina ulinzi kama huo. Basi mkanda ukilegea, asidi inapanda na kuunguza mahali pasipotengenezwa kwa ajili yake.

Kwa nini usiku zaidi? Mchana tunasimama, na maji hayapandi mlima. Tena mchana tunameza mate kila mara bila kufikiri, na mate hayo yanasafisha njia na kupunguza ukali wa asidi. Mtu akilala usingizi, mate yanapungua sana na kumeza kunakaribia kukoma. Asidi ikipanda saa sita ya usiku, inakaa pale pale inaunguza. Ndiyo maana wengine wanaamka na sauti imekauka, ao wanakohoa kila usiku pasipo homa, ao wenye pumu wanazidiwa karibu na mapambazuko.

Sasa tazameni maisha ya kijana wa mgodini. Asubuhi anakunywa chai ya rangi na kipande cha mkate. Mchana kutwa yuko ndani ya shimo ao anabeba mfuko wa mawe mabegani, tumbo limekazwa na mshipi. Jioni anashuka na njaa ya siku nzima. Saa tatu ya usiku anakula bugali wa muhogo mkubwa kama kichwa cha mtoto, na sombe yenye mawese mengi, sambaza za kukaangwa, pilipili. Anashushia na chupa ya Primus ao kasiksi, anavuta sigara moja, kisha anajitupa chini alale. Tumbo limejaa mpaka juu, mafuta yanachelewesha chakula kutoka, pombe na tumbaku vinalegeza mkanda. Na mgongo ukimuuma kwa mizigo anameza Indocid ya duka la barabarani, tena bila maji ya kutosha. Ukimwuliza kwa nini kifua kinachoma, anajibu kwamba ni vumbi ya mgodi. Vumbi nayo ina madhara yake, hiyo ni kweli, lakini haiwezi kuwa jibu la kila kitu.

Na sisi wengine tusijidanganye kwamba ni mambo ya wachimbaji tu. Mama mwenye mimba kinamshika sana, kwa kuwa homoni za mimba zinalegeza ule mkanda na mtoto anasukuma tumbo kutoka chini. Mara nyingi akiisha kujifungua kinakwisha chenyewe. Mwenye unene wa kiuno kinamshika. Hata usingizi mbaya peke yake unafanya moto usikike mkali zaidi. Toka mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023, yaliyofagia Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400, ninawajua wengi ambao mvua ikianza usiku hawalali tena. Wanaketi wanausikiliza mlima.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu ni lingine. Ugonjwa wa usiku unaleta mawazo ya usiku. Hapa kwetu mtu akianza kuchomwa tumbo na kifua, akikonda kidogo, akikohoa bila kutoa kitu, neno la kwanza linalosemwa jikoni ni karuho, yaani kwamba amelishwa sumu ya polepole. Na karuho haiji yenyewe, lazima itafutiwe mwenye kuileta. Kwangu hesabu ilifanywa haraka. Moto wangu ulikuwa umezidi baada ya sikukuu moja ya ubatizo, na katika sikukuu ile jirani yetu mjane ndiye aliyenipa kikombe cha kasiksi kwa mkono wake.

Mama mukubwa, dada ya mama yangu, alifika asubuhi na mapema, hakukubali hata kiti.

“Mwana wangu, bamekulisha. Na ule mutu tunamujua.”

“Mama, ile kasiksi tulikunywa watu kumi na mbili. Mbona wengine bazima?”

“Kila mutu na damu yake,” akasema.

Mipango ilikuwa imekwisha kufanywa. Nipelekwe kwa mzee mmoja mbali kidogo, anayewapa watu majani ya kuwatapisha na kisha kuwaonyesha ndani ya beseni kile “kilichotoka”. Nilikataa. Siku zile zile yule mjane alikuta watoto wa jirani wamekatazwa kuteka maji pamoja na wake, na usiku mmoja jiwe lilianguka juu ya manjanja ya nyumba yake. Nani alilitupa, hakuna aliyesema. Kila mtu wa Kivu anajua mambo ya namna hiyo yanaweza kufika wapi: mama anafukuzwa na watoto wake, shamba linabaki, wakati mwingine damu inamwagika. Haya yote juu ya asidi ya tumbo langu mimi!

Nikaona dawa ya kwanza si ya tumbo. Nilimwomba mama mukubwa anisindikize kwa muganga, asikie kwa masikio yake.

“Mwalimu, unakulaka saa ngapi usiku?” muganga akauliza.

“Saa tatu, saa ine, nikiisha kusahihisha madaftari.”

“Na kulala?”

“Pale pale, Muganga.”

“Nini unakunywaka?”

“Kahawa. Juu nisisinzie.”

Mama mukubwa hakuvumilia. “Muganga, na ile kasiksi ya ule mama?”

“Mama,” akamjibu kwa heshima, “kasiksi ya mama yeyote inaweza kulegeza mlango wa tumbo. Hata ya kwako.”

Kisha akamweleza habari ya bido, na neno moja ambalo ningependa kila familia ilisikie: kumtapisha mtu mwenye kiungulia ni kuipitisha asidi katika njia ile ile iliyokwisha kuungua. Mtu anatoka kule na moto maradufu, na wanaomwona wanasema sumu ilikuwa nyingi. Mama mukubwa hakuomba msamaha, hiyo si tabia yake. Lakini Jumapili iliyofuata niliona ameketi benchi moja na yule mjane, na kwenye mkutano wa shirika letu hakuna aliyeleta tena habari ya kasiksi.

Sisemi kwamba kila maumivu ya tumbo ni kiungulia. Kidonda cha tumbo ni jambo lingine: mara nyingi kinauma chini ya kifua, pale kitovu na mbavu vinapokaribiana, na mara nyingi kinaletwa na kijidudu kinachoitwa Helicobacter pylori. Waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliokionyesha. Wenzao hawakuwaamini, basi mwaka 1984 Marshall akakunywa mwenyewe maji yenye vijidudu hivyo, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Kidonda cha namna hiyo kinatibiwa kwa antibiotiki, lakini kwa kipimo na kwa siku kamili alizosema muganga.

Tena kuna dalili ambazo hazitaki kungoja, na hapa naomba vijana wasome polepole. Chakula kikianza kukwama wakati wa kumeza. Ukitapika damu, ao kitu kama masimbi ya kahawa. Choo kikiwa cheusi na cha kunata kama lami. Ukikonda bila sababu. Maumivu ya kifua yanayokaza kama kamba, yakienda mkononi ao kwenye taya, pamoja na jasho na kukosa pumzi, hayo yanaweza kuwa ya moyo wenyewe, na mtu apelekwe hospitali saa ile ile. Na mwenye kukohoa majuma mawili ao zaidi, hasa mchimbaji, apeleke makohozi yapimwe kifua kikuu kabla ya kusema ni asidi ao ni karuho. Katika mambo hayo Bukavu wana kipimo cha mpira wenye kamera, unaopitishwa kinywani ili muganga aone njia ya chakula na tumbo kwa macho.

Dawa za kiungulia ziko. Za kutafuna, zenye magneziamu na aluminiamu, zinatuliza kwa muda mfupi. Omeprazole inapunguza asidi yenyewe, lakini watu wengi wanaimeza vibaya: wanangoja moto uwake ndipo wanatafuta kidonge. Hiyo inamezwa kama nusu saa kabla ya chakula, kila siku, kwa majuma ambayo muganga amepanga. Maziwa ya kule milimani Numbi ni matamu na yanatuliza koo, lakini baada ya saa moja ao mbili tumbo linatoa asidi zaidi ili kuyavunja. Majivu ndani ya maji sishauri mtu hata kidogo. Na mwenye kumeza Indocid, diclofenac ao aspirini kwa ajili ya mgongo, amwambie muganga; dawa hizo zinachubua tumbo. Doxycycline nayo, ambayo wengi wanaimeza kwa maji ya kijiko na kulala papo hapo, inaweza kukwama njiani na kuchoma kidonda. Kunywa kikombe kizima cha maji, na ukae wima kwanza.

Lakini kilichonisaidia mimi zaidi hakikununuliwa farmasi. Kwanza, saa ya kula. Chakula kikubwa nilikihamishia mchana, na cha jioni ninakula saa kumi na mbili, kidogo. Kati ya kula na kulala zipite saa tatu. Najua mgodini ni vigumu, lakini kijana anaweza kubeba viazi vitamu ao ndizi za kuchemsha ale mchana, ili usiku asile kama mtu aliyefungwa. Kahawa yetu ya Kalehe ninaipenda bado, ninaikunywa asubuhi. Kuhusu pombe, kuna wandugu wanaonikumbusha kila mara kwamba Paulo alimshauri Timoteo divai kwa ajili ya tumbo lake. Ni kweli, iko katika barua ya kwanza, sura ya 5. Ila Paulo alisema kidogo, na hakusema saa nne ya usiku.

Pili, upande wa kulala. Tumbo limeinamia kushoto. Ukilala kwa ubavu wa kushoto, asidi inabaki chini ya mlango. Ukilala kwa kuume, mlango unakuwa chini na asidi juu yake. Nyumba ambamo watoto watatu ao wane wanalala kitanda kimoja, itabidi wageuke wote pamoja.

Tatu, kitanda. Mito miwili chini ya kichwa haisaidii, inakunja tumbo tu na kulikaza. Kinachotakiwa ni upande wote wa kichwani uinuke sentimita 15 mpaka 20, hivi kwamba mwili mzima unateremka. Mimi niliweka matofali mawili mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa. Anayelala chini, ndani ya kibanda cha shiti kule mgodini, achimbe udongo kidogo upande wa miguu, ao alaze kichwa upande wa juu wa mlima. Vilima huku kwetu havikosekani. Juma la kwanza mke wangu alilalamika kwamba kila asubuhi tunajikuta tumejikunja chini kabisa ya kitanda kama viazi ndani ya mfuko. Alikuwa na haki. Nikapigilia ubao wa mkaratusi upande wa miguu, na tangu hapo tunabaki mahali petu.