Nilimpa Ufunguo Mapema

Mwanafunzi wa ualimu haachiwi darasa siku ya kwanza. Hukaa nyuma na kutazama. Kisha hufundisha, msimamizi akiwa palepale. Hapa Kirumba nimeisimamia kazi hiyo miaka mingi.

Lakini mpwa wangu mwenye miaka 16 aliponiomba pikipiki, nilimfundisha uwanjani alasiri moja tu, nikampa ufunguo. Sheria ya barabara ya mwaka 1978 inadai leseni. Nilijiambia kwamba kwetu hakuna anayeiuliza. Wiki ileile, mvua ikiwa imelainisha udongo wa barabara ya taifa namba 2 kuelekea Kayna, alikaza breki ya mbele kwenye mteremko. Mama aliyempakia alivunjika mguu.

Nilipokwenda kumwomba radhi, aliniuliza: “Mwalimu, wewe ulikuwa wapi?” Sikuwa na jibu.

Sasa kijana anajifunza upya: uwanjani, bila abiria, nami nimeketi nyuma yake kila Jumamosi. Vijana, anayewapa ufunguo, mwombeni pia muda wake. Kusema “bado sijajua” si aibu. Ni kumheshimu atakayepanda nyuma yako.