Kodi ya Nyumba na Kodi ya Serikali

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Mpangaji humpa mwenye nyumba kodi, na mwenye nyumba huipa Serikali kodi. Aghalabu ile ya kwanza twaikumbuka tarehe mosi ya kila mwezi, na hii ya pili twaisahau mpaka barua ije. Kwa kuwa wengi katika sisi watu wa Mombasa akiba yetu ni nyumba, napenda kuwaeleza wasomaji yaliyonipitia katika yangu.

Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, niliyoinunua mwaka 2009 kwa shilingi 2,000,000. Kila chumba kilileta shilingi 5,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Sheria ya Kenya iliyoanza Januari 2016 iliweka kodi ya 10% juu ya pango lote la nyumba za kuishi, bila ya kutoa gharama yoyote. Tangu Januari 2024 kiasi hicho kilipunguzwa kikawa 7.5%, kwa mwenye pango linalozidi shilingi 288,000 kwa mwaka na lisilozidi 15,000,000. Hesabu yangu ikawa shilingi 2,250 kila mwezi, nayo hulipwa kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Lakini iko njia ya pili. Mwenye nyumba ana hiari ya kumwandikia Kamishna kwamba ataka kutozwa kwa faida iliyobaki baada ya gharama. Mwaka 2024 matengenezo ya nyumba yangu yalikula 200,000, ikabaki faida ya 160,000. Mjane asiye na pato jingine angetozwa 10% ya faida hiyo, na nafuu ya 28,800 apewayo kila mkaazi kwa mwaka ingeifuta kodi yote. Mimi niliye na mshahara wa daraja la 30% ningelipa 48,000, badala ya 27,000 za njia ya kwanza. Basi asiige mtu kwa jirani. Kila mmoja na apige hesabu yake.

Wala kodi hii si zaka. Wanavyuoni wengi wasema kuwa nyumba ya kupangisha haitolewi zaka yenyewe, hutolewa 2.5% ya pango lililobaki mkononi, likitimia nisabu na mwaka. Nyumba iliyonunuliwa kwa nia ya kuiuza ni bidhaa, na zaka yake ni ya thamani yake kila mwaka. Mwenye kulipa Serikali asidhani amekwisha kuwalipa maskini.

Mwaka 2025 mama yangu alihitaji kupasuliwa, nikaamua kuiuza. Mnunuzi alikubali 6,000,000, lakini dalali alishauri tuandike 4,000,000. Kodi ya faida ya kuuza mali, ambayo Kenya iliisimamisha mwaka 1985, ilirudishwa Januari 2015 kwa 5%, na tangu Januari 2023 ikawa 15%. Nilikuwa nimeongeza choo, kisima na ukuta kwa 800,000. Faida yangu ya kweli ilikuwa 3,200,000, na kodi yake 480,000. Kwa kuandika uongo ningelipa 180,000. Shilingi 300,000 si kitu kidogo kwa mtu ambaye mama yake yu kitandani, na sitasema kwamba sikulala nikiziwaza.

Asubuhi nilimweleza mnunuzi mambo mawili. Kwanza, yeye angepunguziwa ushuru wa stempu wa 4%, yaani 80,000 tu. Lakini siku atakapouza, karatasi zitasema alinunua kwa 4,000,000, na zile 2,000,000 zilizofichwa zitahesabiwa kuwa faida yake: atalipa 300,000. Mzigo niliouepuka mimi ungekuwa wake. Pili, mauzo yakivunjika, ataonyesha nini cha kudai 2,000,000 zisizoandikwa popote? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Ni ajabu sisi tuisomao kuwaita mashahidi waje kushuhudia bei isiyokuwa.

Tuliandika 6,000,000. Kilichoniokoa ni mkebe wa mke wangu, ambamo alikuwa ameweka kila stakabadhi ya fundi, saruji na mabati. Bila ya karatasi hizo faida yangu ingehesabiwa 4,000,000, na kodi 600,000. Stakabadhi zile zilitubakishia 120,000, nazo zilitosha dawa za mama baada ya kupasuliwa.

Ndugu msomaji, nyumba unayokaa mwenyewe kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza haitozwi kodi hii. Ya kupangisha hutozwa. Basi leo, kabla hujafikiri kuuza, zitafute stakabadhi zako, uziweke mahali pasipofika mchwa wala maji, na umwonyeshe mmoja wa watoto wako zilipo.