Vuli ya Mvua Nyingi Mjini Wete

Wanafunzi husoma vitabuni habari za miji ya Ulaya wakati wa baridi, jinsi theluji izibavyo njia na kuwafungia watu majumbani. Katika majira ya baridi ya 1962 na 1963, huko Uingereza hata maji ya bahari yaliganda penginepo ufukoni. Kisiwa cha Pemba hakijui theluji, lakini chajua mwaka ambao mbingu huacha desturi yake. Mwaka mmoja wa namna hiyo ulikuwa 1997.

Mvua kubwa ya Pemba ni masika, ambayo huanza mwezi wa Machi. Vuli ni mvua ndogo ya mwisho wa mwaka. Huja ikaenda zake. Lakini mwaka ule maji ya Bahari ya Pasifiki yalipata joto kupita kiasi, jambo ambalo wataalamu huliita El Niño, na Bahari ya Hindi upande wa Afrika nayo ikapata joto. Mvuke mwingi ukapanda, na tangu Oktoba mvua ikamiminika pwani ya Afrika Mashariki, hata mwanzo wa 1998.

Mjini Wete mvua ya vuli huogopwa, maana huenda ikakutana na karafuu. Karafuu zikisha kuchumwa huchambuliwa, makonyo yakatengwa, kisha huanikwa juu ya majamvi, uani na kando ya barabara, hata mji mzima hunukia. Jua likiwa kali, siku nne au tano zatosha, na kilo tatu za karafuu mbichi hubaki kilo moja kavu. Zikilowa kabla hazijakauka, huchacha na kupauka, na bei yake huanguka. Basi katika siku hizo chache, madaftari ya watoto, nguo za Idi na deni la dukani, vyote vimo juu ya jamvi.

Mwaka ule watu waliishi wakitazama juu. Fundi cherehani alishona barazani, mkono nguoni na jicho mawinguni. Mama aliyekwenda sokoni alitamani kurudi kabla hajanunua samaki. Ngurumo iliposikika, mwenye karafuu hakuwa na haja ya kupiga ukelele, maana mtaa ulikuwa umekwisha kutoka. Watoto walikunja majamvi, wanaume wakabeba, na karafuu za nyumba hii zikalala ukumbini mwa nyumba ile. Hakuna aliyeuliza ni mali ya nani. Hata majirani waliogombana juu ya mpaka wa ua walishika jamvi moja, huyu pembe hii na mwenziwe pembe ile.

Usiku karafuu zilitandazwa sakafuni, watu wakajibana kitandani, na mara kwa mara mtu aliamka kuzigeuza kwa mikono zisipate ukungu. Hata hivyo nyingine zilichacha, wala juhudi haikuziokoa.

Asubuhi jua lilipochungulia, majamvi yakatandazwa tena. Wale wagomvi wawili hawakupatana siku ile. Lakini kila mmoja alipotazama mawingu, alitazama na jamvi la mwenziwe.